Kichwa cha Upande wa Mama

Metroni wa shule ya binti yangu alinipigia simu nikiwa saluni kwangu Ogembo, glavu zimejaa dawa ya nywele na mteja ameinamisha kichwa kwenye karai. Mwenzangu tunayefanya naye kazi alinishikia simu sikioni.

"Mama, usishtuke," alisema metroni, na hapo ndipo niliposhtuka. "Msichana wako anasema haoni nusu ya ubao. Anashika kichwa na ametapika. Tumemlaza."

Nikamwomba nizungumze naye. Sauti ya binti yangu ilikuja ndogo, kama ya mtoto wa chekechea, ilhali yuko sekondari na kimo amenipita.

"Mum, ilianza kama kuna kioo kimevunjika mbele ya jicho. Vipande vinawaka, vinatembea. Halafu kichwa kikaanza, upande mmoja. Mum, ninapofuka?"

Nilimjibu kwamba hapofuki. Nilisema hivyo bila kujua lolote la kitabibu, ila kile kioo kilichovunjika nilikijua. Nilikuwa nimekiona tangu nikiwa darasa la saba na sikuwahi kumweleza mtu. Nilidhani ni changu peke yangu, kitu cha ajabu katika jicho langu, na nikikitaja watu wataniogopa. Kumbe binti yangu alikuwa amekiona pia, tena ameeleza kwa maneno ambayo ningeyatumia mimi.

Mwenzangu akachukua kichwa cha mteja, akaendelea kukiosha. Mimi nikavua aproni, nikatafuta pikipiki ya kunifikisha stendi.

Njia ya kutoka Ogembo kupitia Kisii mpaka upande wa Nyamira ni ndefu kwa mama mwenye wasiwasi, na nilipata muda mwingi wa kufikiri. Nilifikiria uvimbe. Watu wengi wakisikia kichwa cha namna hiyo huwaza uvimbe. Niliwaza pia mama yangu, ambaye nyumba yake iko karibu na Sironga, hatua fupi tu kutoka shuleni kwa binti yangu. Na nilipomwaza mama niliwaza dirisha lake lililofunikwa blanketi.

Nyumbani kwetu ugonjwa huo haukuwa na jina. Tuliuita kichwa tu. "Leo mama ana kichwa," tuliambiana mimi na kaka yangu, kana kwamba siku nyingine hakuwa nacho. Siku hizo tulitembea kwa vidole vya miguu. Sufuria hazikuruhusiwa kugongana. Jogoo akiwika karibu na dirisha, kaka alimfukuza mpaka kwenye migomba. Mama alilala chumbani gizani, kitambaa kimekazwa kichwani, ndoo kando ya kitanda, na tukimpelekea uji alitoa mkono tu kuashiria turudi nao.

Hayo yote tungeyavumilia lau isingekuwa shangazi. Dada yake baba alikuwa na shamba linalopakana na letu, na sauti yake haikuhitaji njia ya kupitia. Alisimama uani kwetu, kikapu cha chai mgongoni, akasema kwa Ekegusii safi, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Kichwa cha mwanamke huyu kinajua siku ya kuchuma chai!"

Jambo lililotuumiza ni kwamba maneno yake yalikuwa na ukweli. Kichwa cha mama kilikuja hasa siku za chai. Baba, ambaye sasa ni marehemu, hakuwahi kumtukana mama, lakini hakumtetea pia. Alichukua kikapu chake akaenda shambani kimya. Mimi nilimpenda mama, na bado nilikua nikiwa na swali moyoni ambalo sikuthubutu kumuuliza.

Kisha changu kikaanza, nikajua kwamba mtu hawezi kujitapisha vile kwa uvivu. Lakini hata hivyo sikukiunganisha na chake. Nilipofungua saluni nilisema ni dawa za nywele, nikavaa barakoa, nikafungua madirisha. Hata hivyo mwenzangu anavuta hewa ileile, kutwa nzima, na kichwa chake hakijamuuma hata siku moja. Kaka yangu naye alitoka tumbo moja na mimi, akala chakula kimoja na mimi, na yeye hana kichwa. Sikuweza kupata hesabu ya jambo hilo, nikaliacha.

Nilipofika shuleni binti yangu alikuwa ameketi kitandani kwenye chumba cha wagonjwa, uso umesinyaa. Macho yake yalikuwa yanaona sawa tena, lakini kichwa bado kilimgonga. Metroni, mama mmoja mpole, alitupa ruhusa na kuniomba nimpeleke kwa daktari. Tukaenda kwanza kwa mama yangu kupumzika.

Mama alitukuta langoni. Alimtazama mjukuu wake mara moja tu. Alimshika mkono, akampeleka chumbani kwake, akatundika blanketi dirishani kwa misumari ileile ya zamani, akamfunga kitambaa kichwani na kukikaza. Binti yangu alilala pale mpaka jua la alasiri likapungua na mvua ya kawaida ya huku ikaja na kupita. Alipoamka aliomba ndizi. Alikula mbili, akauliza kama zipo nyingine, nami nikatoka nje ili asinione nikijifuta macho.

Mama alinifuata mpaka jikoni.

"Kesho unampeleka wapi?"

"Kisii, kwa daktari wa vichwa."

Alikaa kwenye kigoda, akapanga kuni ambazo hazikuhitaji kupangwa. "Hawatamfungua kichwa?"

"Mama, nani atamfungua kichwa? Atapimwa tu."

"Nitakuja na nyinyi," alisema.

Nilimwambia abaki, safari itamchosha, magoti yake hayapendi ngazi. Alijibu kwamba magoti ni yake na atayapandisha mwenyewe.

Asubuhi alikuwa amevaa nguo yake ya kanisani, ile ya Sabato, na kitambaa kipya kichwani, kimefungwa chini mpaka karibu na nyusi. Mama hakuonekana bila kitambaa. Mimi nimesuka nusu ya vichwa vya Ogembo, nimeosha vichwa vya wake za wachungaji na vya maharusi, lakini cha mama yangu sikuwahi kukigusa. Nilipomwomba alisema nywele zake zimeisha, hakuna cha kusuka. Nilidhani ni aibu ya uzee.

Daktari alikuwa kijana wa kiume, mtu wa Pwani, na Kiswahili chake kilitoka kinywani laini mpaka sisi wa milimani tukajisikia tunatafuna mawe. Alisimama tulipoingia.

"Bibi, karibu, keti hapa pana mto," alimwambia mama.

Mama akanigeukia, akaniuliza kwa Ekegusii kwa sauti aliyodhani ni ya chini: "Anasema mimi ni bibi ya nani?" Huku kwetu bibi ni mke wa mtu. Binti yangu akacheka, mara ya kwanza tangu jana yake. Nilipomweleza daktari naye akacheka, akaomba radhi, na tangu hapo chumba kile hakikuwa cha kutisha tena.

Alimsikiliza binti yangu kwa muda mrefu. Alimtaka aeleze ile mianga ilianzia wapi, ilikua vipi, ilitoweka lini kabla ya maumivu. Alimwambia afuate kidole chake kwa macho, atabasamu, avimbishe mashavu, atembee kisigino mbele ya vidole kama anayepita juu ya kamba. Alimgonga goti kwa nyundo ndogo na mguu ukaruka. Alimulika ndani ya macho yake kwa kurunzi, akakaa hapo akitazama kwa makini.

"Vizuri sana," alisema alipoketi. "Kuna mwingine nyumbani mwenye kichwa cha namna hii?"

"Mimi," nilisema. Kisha nikaongeza lile nililolificha tangu utoto: "Na mianga pia. Kama kioo kilichovunjika."

Binti yangu alinitazama kwa mshangao. "Mum! Hata wewe?"

Mama hakuwa amefuata kila neno, akataka nimtafsirie. Nilipomaliza aliinua mkono juu, kama mwanafunzi, na akachagua kusema Kiswahili chake mwenyewe.

"Daktari, hii kichwa ni yangu. Mimi nilipea huyu, huyu akapea huyu. Na mimi nilipewa na mama yangu. Yeye alikuwa anaingia kwa ghala ya wimbi, anafunga mlango."

Habari za ghala la wimbi sikuwahi kuzisikia. Nilimkumbuka nyanya yangu kama mwanamke mwenye nguvu, mcheshi, na sikujua kwamba naye alikuwa na mlango wa kufunga.

"Hiyo inaitwa kipandauso," daktari alisema. "Mabibi zetu kule Pwani walikijua kwa jina hilo. Kinarithiwa, lakini si kama shamba linavyorithiwa, kwamba unapewa hati na limekwisha kuwa lako. Kuna jeni nyingi zinazohusika, kila moja nguvu yake ni kidogo. Mtoto huchukua fungu lake kwa mama na kwa baba. Mmoja hupata nyingi, ndugu yake hupata chache."

"Kaka yangu hana," nilisema.

"Huenda alipata chache. Tena wanawake huumwa zaidi, homoni zao na zetu wanaume si sawa. Sasa, anachorithi mtu ni ubongo mwepesi wa kushtuka. Siku ya kuumwa harithi. Siku hiyo huletwa na mambo mengine. Kukosa kula. Kukosa usingizi, au kulala kupita kawaida. Jua kali. Harufu kali. Siku za mwezi. Wengine hata mvua ikikaribia."

Nikamweleza habari za dawa za nywele na mwenzangu asiyeumwa. "Hewa ni moja," alisema, "ubongo si mmoja. Yeye harufu ile haimfanyi kitu. Wewe inakukuta uko tayari, hasa kama hujala."

Na kweli, saluni siku za wateja wengi mimi hunywa chai ya asubuhi na kula tena jioni.

Mama alikuwa amekunja mikono mapajani. Alinigusa. "Muulize ya chai," alisema kwa Ekegusii. "Muulize kwa nini kinakuja siku ya chai."

Niliona aibu, nikadhani daktari hataelewa, lakini niliuliza. Hakucheka.

"Bibi, siku ya chai uliamka saa ngapi?"

"Hata sikulala," mama alisema. "Lazima kupika ya watoto kwanza, kuteka maji. Jogoo hajaamka, mimi nimeamka."

"Na ulikula saa ngapi?"

"Kula? Siku ya chai?" Mama alimtazama kama aliyeulizwa kama alikwenda shambani kwa ndege. "Unakula chai ikishapimwa."

"Na jua?"

"Jua iko hapa," akajigonga utosini.

"Basi ulikuwa na njaa, jua na usingizi mchache, vyote siku moja, na kichwa ulichozaliwa nacho," daktari alisema. "Ningeshangaa kama kisingekuuma."

Nilimtafsiria tena, polepole, nikihakikisha hakuna neno lililoanguka. Ndipo akapeleka mikono nyuma ya shingo, akafungua kitambaa.

Nywele zake hazikuwa zimeisha. Zilikuwa nyeupe, nzito, zimesukwa kwa mkono wake mwenyewe mistari minne iliyopinda. Lakini juu, upande wa kulia, palikuwa na ukanda usio na unywele hata mmoja, na katikati yake ngozi ilikuwa imebonyea. Ncha ya kidole ingeenea pale. Binti yangu alishika mkono wangu.

Daktari aliomba ruhusa kugusa. Mama akakubali kwa kichwa.

"Ni omobari," mama alisema, nami nikaeleza kwa daktari kwamba huyo ni fundi wa zamani wa Wakisii, aliyepasua ngozi ya kichwa na kukwangua mfupa ili maumivu yatoke. Nilikuwa nikisikia habari zao kama hadithi za mababu. Sikujua kwamba hadithi ilikaa mezani nasi kila jioni.

Mama alieleza kwa Ekegusii, bila haraka. Alikuwa ameolewa karibuni. Tawi lilimwangukia kichwani akikata kuni, si kwa kishindo kikubwa, na alipougua kichwa baadaye wakwe zake wakasema fuvu limepata ufa. Akapelekwa. Alishikwa na wanaume, akapasuliwa kwa wembe, na sauti ya mfupa ukikwanguliwa aliisikia kutoka ndani, kama mtu anayeparua sufuria iliyoungua. Hakulia kwa sababu mama mkwe alikuwa akitazama. Kidonda kilipona. Miezi kadhaa kichwa kilitulia. Kisha siku moja ya chai kikarudi.

"Na kiliporudi," alisema, "hawakunisadiki tena. Walisema kichwa kilishatengenezwa. Sasa kilichobaki ni uvivu."

Nilipotafsiri sentensi hiyo ilibidi nianze upya. Daktari alingoja. Kisha akamwambia mama kwamba fuvu lake limepona vizuri, na kwamba halikuwa na kosa tangu mwanzo. Maumivu hayakuwa kwenye mfupa. "Wewe hukuwa mvivu, bibi. Ulikuwa mgonjwa, ukafanya kazi na ugonjwa."

Mama akafunga kitambaa chake tena, bila kukishusha mpaka nyusi. "Na huyu? Hafunguliwi?"

"Hafunguliwi. Hata picha ya kichwa sioni haja yake. Ningeona kasoro kwenye macho au miguu, ningemtuma leo hii." Akatutajia dalili za hatari, kwamba zikitokea tusisite kurudi. Akamwandikia binti yangu dawa ya kumeza mapema, mianga ikianza tu, asingoje kichwa kikolee, wala asiizoee kila mara kwa sababu dawa nayo ikizidi huleta kichwa chake. Kisha ale kwa wakati, alale kwa wakati, anywe maji.

"Ni hayo tu?" nilisema.

"Ni hayo. Hakiponi kabisa, lakini kinafundishika."

Tulishuka ngazi taratibu kwa ajili ya magoti ya mama. Nje jua la Kisii lilikuwa kali, na sote watatu tukakinga macho kwa mkono kwa wakati mmoja, tukatazamana, tukaanza kucheka mbele ya watu wanaouza soksi na parachichi. Tuliingia hoteli moja tukala ugali, mboga ya saga na nyama. Mama alimaliza sahani yake na kumega kwenye yangu. Sikumbuki mara ya mwisho nilipoona mwili wake umelegea vile. Mabega yalikuwa yameshuka, kama mtu aliyetua mzigo akasahau kwamba aliwahi kuubeba. Mimi mwenyewe nilihisi usingizi, usingizi mzuri wa mchana, kama wa mtoto mchanga aliyeshiba.

Shangazi alikuja Sabato iliyofuata, mchana baada ya kanisa, akitembea kwa mkongojo siku hizi. Nilikuwa nimebaki kwa mama. Shangazi aliuliza habari za mtoto, akadokeza kwamba huenda kuna jicho baya la mtu, kwamba tuangalie majirani.

"Hakuna jirani," mama alisema. "Ni mimi. Alirithi kwangu, nami kwa mama yangu. Kinaitwa kipandauso. Kinaamshwa na njaa na jua na kukosa usingizi."

Shangazi akakizungusha mikononi kikombe cha chai alichopewa. Hakuwa mjinga, niliona akirudi nyuma miaka yote ile, asubuhi moja baada ya nyingine.

"Kwa hiyo ule haukuwa uvivu."

"Haukuwa."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema," mama alijibu bila ukali. "Nilisema kichwa kinaniuma. Na wewe ulipokuwa uani nilikusikia pia. Dirishani palikuwa na blanketi tu."

Nilidhani shangazi atainuka aondoke. Badala yake akasogeza kiti karibu, akasema, "Nilidhani unanidharau. Mimi nilirudi nyumbani kwetu nikiwa nimeachwa, nafanya kazi kama punda, na wewe umelala." Akameza chai. Kisha akauliza, kwa dhati kabisa, kama daktari huyo anajua pia magoti yanarithiwa kutoka kwa nani, kwa sababu yake ni mabaya na anamshuku babu yake. Mama akacheka mpaka akashika ubavu. Nilipowaacha walikuwa wakilinganisha magoti.

Saluni sasa tunafunga mchana ili kula, wateja wanung'unike watakavyo. Mwenzangu ananenepa na analaumu ubongo wangu. Kichwa bado huja, mara chache zaidi, na kikija ninajua ni nani, ninameza dawa na kulala bila kuandika wosia moyoni.

Shuleni metroni alipanga binti yangu aketi mbali na dirisha, na wakati wa maombi ya kufunga humpa uji bila maswali. Muhula huu kichwa kilimpata wakati wa mitihani. Alinipigia jioni kwa simu ya metroni, sauti yake ya kawaida, hata ya kuboeka kidogo.

"Mianga ilianza nikiwa kwa hesabu. Nikaomba dawa, nikaenda kulala, nikaamka. Mwalimu ataniruhusu nifanye ile karatasi kesho."

"Hukuogopa?"

"Niliogopa hesabu," alisema. "Mum, nikizaa nitampea mtoto?"

"Huenda. Huenda usimpe."

"Sawa. Nitamwambia mapema." Kisha akaniomba nimletee sabuni na mafuta ya kujipaka siku ya kutembelewa, si yale ya manukato, na simu ikarudi kwa metroni.